Soketi ya Redio

"Haipatikani," Ildefonsa aliisoma simu yake kwa sauti, kama mwalimu anayesoma alama za mtoto mbele ya darasa. "Jana ulipatikana vizuri. Leo umekwenda wapi?"

Ilikuwa saa mbili kasoro asubuhi. Ukungu ulikuwa bado umeukalia mlima wa Ngara, na Ildefonsa alisimama jikoni kwake, mguu mmoja ndani ya buti la mvua, mwingine nje. Wakulima kumi na wanane walikuwa wakimsubiri shambani awaonyeshe jinsi ya kung'oa migomba yenye mnyauko. Na kilomita zaidi ya mia kutoka hapo, nje kidogo ya mji wa Biharamulo, mama yake mzazi alikuwa ameamka au hakuamka, na kompyuta ndogo aliyoiacha juu ya kabati ya mama huyo, kusudi imwambie jambo hilo moja tu, ilikuwa imenyamaza.

Akapiga simu. Iliita mpaka ikakaribia kukatika.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Umezima ile mashine?"

"Kulikuwa na radi."

"Lini?"

"Jana jioni."

"Na sasa hivi kuna radi?"

"Sasa hivi hakuna," alisema Mama bila haraka. "Lakini mwezi wa tatu huu, nani anajua?"

Ildefonsa alifumba macho. "Mama, ile mashine haizimwi. Nilikwambia. Ikizimwa mimi huku ni kipofu. Iwashe, usiiguse tena, hata mbingu ikianguka."

"Ikianguka juu ya nyumba yangu, sawa," Mama alijibu, akakata.

Mambo haya yote yalianzia mwezi wa kwanza, pale Mama Akimana alipoteleza kando ya tangi la maji. Hakuvunjika mfupa, lakini nyonga ilikataa kumwinua. Alilala kwenye tope tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa sita mchana, jirani yake Ng'washi alipokuja kurudisha kinu. Ng'washi alisema alimkuta akisali kwa sauti na kufukuza kuku kwa mkono mmoja.

Emilian, mdogo wake Ildefonsa, alipiga simu kutoka Mwanza jioni ile ile. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kukata shauri haraka, na shauri lake lilikuwa kwamba Mama ahamie kwake, ghorofa ya tatu.

"Atakaa ghorofani afanye nini?" Ildefonsa aliuliza.

"Atakaa salama, dada. Kule akidondoka tena, tutajua lini? Ng'washi akikumbuka kurudisha kinu?"

Mama alipoambiwa, alicheka kicheko kikavu. Mwaka sabini na mbili alivuka kutoka Burundi akiwa msichana, mkeka kichwani na mdogo wake mgongoni. Alifyeka pori, akapanda migomba, akazaa, akamzika mume wake nyuma ya nyumba hiyo hiyo. "Nimehama mara moja," alisema. "Inatosha kwa mtu mmoja."

Basi dada na mdogo wakavutana mpaka wakafika mahali pa kukubaliana: kama Ildefonsa atapata njia ya kujua, kila asubuhi, bila kubahatisha, kwamba Mama ameamka mzima, Mama atabaki kwake. Kama hatapata mpaka Pasaka, Emilian atakuja na mabegi.

Njia hiyo alionyeshwa na Tomasi, fundi wa kompyuta pale ofisini kwao. Kulikuwa na programu ya bure, Tomasi alisema, ya kuendesha nyumba. Unaiweka kwenye kompyuta ndogo, ukubwa wa mche wa sabuni. Unaongeza vihisi, vidude vyeupe vya betri vinavyobandikwa ukutani. Mtu akipita, kihisi kinaona joto la mwili wake, programu inakupelekea habari kwenye simu. Asipopita mtu mpaka saa uliyoipanga, simu inapiga king'ora.

"Ni rahisi, dada," alisema Tomasi. "Unafuata hatua tu."

Ildefonsa alikuwa na stashahada ya kilimo na miaka kumi na tisa kazini. Hatua alizijua. Alinunua kompyuta ndogo mbili, moja ya kujifunzia kwake Ngara na nyingine ya Biharamulo, akaketi mezani Jumamosi baada ya kufua, akiamini kwamba mpaka chakula cha mchana atakuwa amemaliza.

Alimaliza baada ya wiki tatu.

Kijana wa kwenye video alikuwa anaongea kama mtu anayekimbizwa. Alisema "sasa bonyeza hapa" kabla "hapa" haijaonekana. Kitufe alichokionyesha yeye kilikuwa cha bluu, upande wa kushoto. Kwenye skrini ya Ildefonsa hakikuwepo kushoto wala kulia, maana programu ilikuwa imebadilishwa sura tangu video irekodiwe. Halafu kulikuwa na faili la maelekezo. Faili lile lilitaka kila mstari uanze kwa nafasi mbili tupu. Si tatu, si moja. Ukikosea, halikuambii "mama, umeweka nafasi tatu mstari wa tisa." Linakataa kufunguka lote, linakaa kimya kama mkwe aliyenuna.

"Nafasi!" alimwambia Tomasi siku ya kumi na moja. "Kitu ambacho hakionekani! Mimi nikimwambia mkulima apande migomba mita tatu kwa tatu, akaweka mita tatu na nusu, mgomba unagoma kuota?"

"Kompyuta haina huruma, dada."

"Basi usiniambie tena ni rahisi. Sema ni ngumu lakini inawezekana. Hilo ningelielewa."

Lakini alilimudu. Jioni moja aliinuka kwenye kiti, akapita mbele ya kihisi alichokibandika kwenye korido yake, na simu ikalia mfukoni: *Kuna mtu koridoni*. Akarudi, akapita tena. Ikalia tena. Alipita mara sita, mikono kiunoni, mpaka bintiye Wema akachungulia chumbani kwake na kuuliza kama kuna panya.

Alikwenda Biharamulo kwa basi la Jumamosi, kompyuta akiwa ameifunga ndani ya kitenge. Alibandika kihisi kimoja koridoni, kingine sebuleni. Mama alikaa kwenye kiti chake akimenya ndizi, akimtazama binti yake akipanda na kushuka stuli. Ng'washi alikuja kushuhudia.

"Mama Wema, hiki kinaona?"

"Kinaona joto la mtu anayepita."

"Na mimi nikipita?"

"Na wewe."

"Basi kuanzia kesho nitavaa vizuri," alisema Ng'washi, akacheka peke yake. Mama hakucheka. Ildefonsa aliliona hilo, lakini alikuwa na skrubu mdomoni na basi la kurudi la kuwahi.

Mpango ulikuwa huu: asipopita mtu mpaka saa moja na nusu asubuhi, king'ora kilie Ngara, Ildefonsa ampigie Mama, Mama asipopokea, ampigie Ng'washi, naye avuke ua akatazame.

Siku ya kwanza mpango ulifanya kazi. Siku ya pili ikaja radi, Mama akazima, ndiyo ile asubuhi ya buti moja. Baada ya kukemewa, Mama hakuzima tena. Mashine ikapatikana usiku na mchana. Ildefonsa akashusha pumzi.

Kisha vihisi vikapofuka.

Jumatatu saa moja na nusu, king'ora: *Hakuna aliyepita*. Mama hakupokea simu. Ng'washi aliacha maziwa motoni, akakimbia. Mama alikuwa bustanini akichuma mchicha. Jumatano, king'ora tena. Mama alikuwa anafagia uwanja. Ijumaa Ng'washi alikuwa anakamua. Alifika na ndoo mkononi, akamkuta Mama sebuleni, mbele ya kihisi chenyewe, anakunywa uji.

"Mama Wema," alisema Ng'washi kwenye simu, akihema, "mimi nina ng'ombe saba. Hicho kijicho chako kinamtazama mtu anakunywa uji kinasema hayupo. Mimi nitakimbia mpaka lini?"

"Nisamehe, dada yangu. Ni mipangilio. Ninairekebisha."

Akairekebisha. Alibadilisha ukali wa kihisi, kutoka mdogo hadi wa kati, kutoka wa kati hadi wa mwisho. Alifuta programu, akaipakia upya kutoka Ngara, bando la mwezi likaisha kwa siku nne. Alirudia faili la maelekezo, akihesabu nafasi kwa ncha ya kalamu. Tomasi alilitazama, akasema halina kosa. Alilitazama tena, akasema kweli halina kosa, na kwamba labda ni mtandao. Ildefonsa alimtazama mpaka akaondoka zake. Shambani, wakulima walianza kuulizana afisa wao ana nini, maana alimfokea mzee mmoja aliyeuliza swali la kawaida kuhusu samadi.

Emilian alipiga simu. "Dada, Pasaka ni wiki ijayo. Inafanya kazi au haifanyi?"

"Itafanya."

"Sikuuliza itafanya."

Jumamosi iliyofuata akapanda basi bila kumwambia mtu. Alifika saa saba mchana, mawingu mazito upande wa magharibi. Mlango wa Mama ulikuwa wazi kama kawaida. Aliingia koridoni, akainua macho ukutani, na pale aliposimama ndipo alipobaki.

Kihisi kilikuwa kimevaa kofia.

Ilikuwa kofia ya uzi, mweupe na bluu, imefumwa kwa sindano moja, ua dogo katikati, pindo la mawimbi kuzunguka. Imekikaa vizuri, haina hata pengo. Aliingia sebuleni. Cha pale nacho kilikuwa na yake, rangi moja na kitambaa kilichofunika redio, na cha kochi, na cha meza, na cha picha ya harusi.

"Mama!"

Mama alitokea jikoni akifuta mikono. "Umekuja! Mbona hukusema? Ningechinja kuku."

"Shikamoo. Mama, hiki nini?"

"Marahaba. Kitambaa."

"Naona ni kitambaa! Nimefuta programu mara nne! Nimehesabu nafasi mpaka macho yanatoka maji! Ng'washi ameunguza maziwa, Tomasi ananikwepa ofisini, kumbe umekifunika uso!"

"Kilikuwa uchi," alisema Mama. "Sebule yangu haina kitu kinachokaa uchi. Na padri anakuja kubariki nyumba kabla ya Pasaka. Aone plastiki ukutani?"

"Kinatakiwa kiwe uchi! Kazi yake ni kutazama!"

"Ndiyo," alisema Mama. "Ndicho nilichokiona."

Alilisema kwa sauti ndogo.

"Nikienda msalani kinaandika," Mama aliendelea. "Nikitoka kinaandika. Nina miaka sabini na kitu. Tulipokuja hapa kama wakimbizi tulihesabiwa asubuhi na jioni, kwenye mistari, mpaka wakachoka. Sitahesabiwa na plastiki ndani ya nyumba niliyojenga mwenyewe. Wewe ulikuja, ukapanda stuli, ukapigilia. Uliniuliza?"

Hakumuuliza. Na aibu iliyomshika Ildefonsa ilikuwa ya kikazi kabla ya kuwa ya mtoto kwa mzazi. Chuoni walifundishwa jambo hili mwaka wa kwanza: kabla hujamwambia mkulima abadilike, kaa naye siku nzima umtazame anafanya nini tayari. Yeye mwenyewe huwafundisha maafisa wapya hivyo. Huwafokea, hasa.

Radi ikapiga, mbali bado.

Mama aliinuka papo hapo. Akaenda kwenye redio, akazima soketi. Akaenda kwenye chaja ya simu, akazima. Friji ndogo, akazima. Alikwenda kwa mpangilio, bila kutazama, kama anayefunga vifungo vya koti lake mwenyewe. Mwisho akafika kwenye kabati, ilipo kompyuta na soketi yake. Mkono ukapanda, ukasimama hewani. Akamtazama binti yake. Kisha akaushusha, akachukua rozari, akavuta kiti mpaka pembe ya mbali kabisa na kabati, akaketi mgongo umegusa ukuta.

"Unafanya nini, Mama?"

"Ulisema isizimwe hata mbingu ikianguka."

"Na wewe wiki mbili hizi, kila radi ikipiga, unakaa hapo?"

"Nikae wapi? Nje kuna mvua."

Ildefonsa aliwaza mvua zote za wiki mbili zile. Mwezi wa tatu Biharamulo, radi haiombi ruhusa.

"Izime, Mama."

Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Kwa mtu mwenye nyonga mbovu alivuka sebule upesi sana. Soketi ikalia *ta*, na mabega yake yakashuka.

Mvua ilipiga mabati kwa saa nzima, hawakuweza kusikilizana. Ilipokatika, Mama aliinuka akawasha tena: redio kwanza, ndipo chaja, ndipo friji. Ildefonsa alimtazama. Sasa alikuwa kazini.

"Usiku ukilala unazima zote?"

"Zote. Tangu umeme uingie hapa sijawahi kulala na soketi iliyo hai. Isipokuwa hiyo yako."

"Na asubuhi unaanza na ipi?"

"Redio. Kabla ya kuvaa viatu."

"Kila siku?"

"Wanasoma matangazo ya vifo, mwanangu. Lazima nisikilize nijue kama nimo."

Ildefonsa aliketi. Halafu akacheka, kicheko cha mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima akiwa ameivaa. Wiki mbili alikuwa akipigana na mama yake asizime, na kule kuzima na kuwasha ndiko kulikokuwa na habari yote. Mtu aliyewasha redio amefika kwenye redio. Ameamka, amesimama, ametembea, mkono unafanya kazi, kichwa kinafanya kazi. Kihisi gani kingemwambia zaidi?

"Mama," alisema, na safari hii alingoja Mama ageuke. "Nikiondoa vijicho hivi vyote, nikaiunganisha mashine kwenye soketi moja na redio, utakubali? Ukizima redio, nayo inalala. Ukiwasha, inaamka, inanitumia ujumbe mmoja. Basi. Haikuoni, haikuhesabu."

Mama alifikiri. "Ujumbe unasemaje?"

"Chochote. Mashine imewaka."

"Upuuzi. Ikuamkie: *Mwaramutse*, kama mtu aliyelelewa."

Ndivyo ilivyokuwa. Ile kompyuta ya Ngara, ya kujifunzia, ikapewa kazi ya kungoja salamu hiyo. Isipofika mpaka saa moja na nusu, ipige king'ora. Umeme ukikatika Biharamulo, Mama atapiga simu mwenyewe. Faili lote lilikuwa na mistari kumi na miwili. Lilikataa mara mbili kwa sababu ya nafasi, Ildefonsa akalitukana kwa Kirundi, Mama akamkumbusha kwamba ni Kwaresima.

Tomasi alipoelezwa, alishika kichwa. "Dada, kompyuta haizimwi kwa soketi kila siku! Memori kadi itakufa."

"Itakufa lini?"

"Labda miezi minne, mitano."

"Kadi ziko dukani," alisema Ildefonsa.

*Mwaramutse* ilifika Jumapili ya Matawi saa kumi na mbili na dakika nne. Ikafika Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Alhamisi Kuu haikufika.

Saa moja na nusu king'ora kikalia. Ildefonsa alipiga simu ya Mama, ikaita mpaka ikakatika. Akampigia Ng'washi.

"Mama Wema, nisikilize, ninakamua."

"Acha kukamua."

"Juzi juzi uliniambia—"

"Juzi kilikuwa kijicho. Leo hajawasha redio."

Ng'washi alikuwa jirani wa Akimana miaka ishirini na mbili, na redio ile ilimwamsha kila siku ya miaka hiyo. Ildefonsa alisikia ndoo ikianguka.

Ng'washi alimkuta Mama kitandani, anatetemeka mpaka kitanda kinalia, mdomo mkavu, anaongea na marehemu mume wake. Kabla ya saa tatu alikuwa hospitalini, mkononi dripu. Malaria kali, alisema daktari, na kwa umri wake wangechelewa mpaka mchana angezungumza habari nyingine.

Emilian alifika Ijumaa Kuu na mabegi mawili makubwa, matupu. Ildefonsa alikuwa ameshafika, anamnywesha Mama uji. Emilian alisimama miguuni pa kitanda.

"Mnaona sasa?" alisema. "Ndiyo maana nilisema. Mama, ukitoka hapa tunakwenda Mwanza."

Mama alimeza uji, akafuta mdomo. "Emilian. Wewe na mkeo mnatoka kwenda kazini saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu. Foleni."

"Na mnarudi?"

"Saa moja jioni. Lakini, Mama—"

"Jana nilishindwa kuwasha redio. Saa moja na dakika arobaini Ng'washi alikuwa kitandani kwangu na maziwa miguuni. Kule ghorofani kwako atakuja nani?"

Emilian alimtazama dada yake kutafuta msaada. Ildefonsa alishughulika na kijiko.

"Kuna mlinzi getini," alisema mwishowe, bila nguvu.

"Anajua jina langu?"

Jumatatu ya Pasaka Emilian alirudi Mwanza. Mabegi yalikwenda yamejaa, moja ndizi, moja maharage, na Mama, aliyeruhusiwa kutoka hospitalini jana yake, alisimamia ufungaji akiwa amekaa kwenye kiti.

Jumanne Ildefonsa alikuwa jikoni kwake Ngara, anahangaika na buti. Saa kumi na mbili na dakika sita simu ikalia. *Mwaramutse*. Hakuwa amemaliza kuisoma, ikaita. Mama.

"Shikamoo, Mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Hicho kidude chako juu ya kabati, kinashika vumbi."

Ildefonsa aliacha buti. "Mama. Usiniambie."

"Nimekifumia."

"Mama, ile ni kompyuta! Inapata joto, inatakiwa ipumue, ukiifunika itaungua yote, nitaanza upya, mistari yote ile, nafasi zote zile—"

"Kwani mimi mjinga?" alisema Mama. "Nimekiachia tundu la pua. Haya, nyamaza, wanasoma vifo."

Akakata.